Difu ya Mwenyekiti

Kinachovutwa ni mbuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kituo chetu cha teksi. Ya pili haikuwapo, kwa kuwa Mwenyekiti aliona ya kwanza inatosha.

Sheria yenyewe ilihusu tairi. Kuna gari ambalo nguvu ya injini inasafiri chini ya tumbo lake kwa chuma kirefu tunachokiita shafti, inafika kwenye bonge la chuma lililokaa katikati ya tairi za nyuma, ndiyo difu, na kutoka hapo tairi za nyuma zinalisukuma gari zima. Na kuna gari lisilo na shafti wala difu huko nyuma. Hilo tairi zake za mbele ndizo zinazohangaika kuvuta, za nyuma zinafuata kama mkia. La kwanza tuliliita gari la nyuma, la pili gari la mbele. Abiria hajali, yeye anataka kufika. Lakini sisi madereva tungeweza kulibishania jambo hilo tangu kuku wanatoka bandani mpaka wanarudi, na kuku wenyewe wakachagua upande.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa nyuma. Alikuwa mzee mpana, shingo fupi, na sauti yake ilikuwa nene kiasi kwamba akikohoa, honi za magari ya jirani zilimwitikia. "Mtu mzima anasukuma," alikuwa akisema. "Kinachovutwa ni mbuzi, tena anavutwa kwenda kuchinjwa."

Kituo kilikuwa chini ya mlima wa hospitali. Upande mmoja wa barabara palikuwa na ghala lenye paa lililotokeza nje, likitoa kivuli kutwa nzima. Upande wa pili lilikuwa jua tupu. Nilisahau kitana juu ya dashibodi siku moja upande ule, niliporudi nikakuta kimejikunja kimekuwa kijiko. Mwenyekiti aliamua kwamba magari ya nyuma yatakaa kivulini na ya mbele yatakaa juani. Kisha kila asubuhi, dereva wa gari la mbele alipowasili, watu wa kivulini walimlaki kwa pamoja: "Meee!" Mwenyekiti ndiye aliyeanzisha na sisi tukapokea. Abiria wageni walikuwa wakichungulia chini ya magari kumtafuta mbuzi.

Miongoni mwetu alikuwapo mmoja tuliyemwita Tai, kwa sababu alivaa tai shingoni hata siku ambazo lami ilikuwa inachemka. Mtu mpole, msafi, rafiki wa Mwenyekiti wa kufa na kuzikana. Walikula sahani moja. Gari lake la nyuma lilipochoka, akanunua jingine, dogo, la mbele. Asubuhi ile ya kwanza alikuja akaegesha kivulini, mahali pake pa siku zote, akashuka akicheka.

"Mwenyekiti, umeamkaje?"

Mwenyekiti alimsogelea. Akaishika ile tai taratibu, kama mtu anayemtengeneza rafiki yake kabla ya kupigwa picha. Akaikaza. Kisha akageuka na kuanza kutembea, tai ikiwa mkononi, na Tai akamfuata akiwa ameinama, akivuka barabara mbele ya mabasi na akina mama waliotoka sokoni, mpaka juani. Sisi nyuma tunalia meee. Mimi nililia kwa sauti nzuri sana siku ile, nilisifiwa. Baadaye gari langu nalo likafa, nikanunua la mbele, nikaliliwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tai siku ile alinyoosha tai yake, akapangusa kiti, akakaa juani. Akaendelea kumwamkia Mwenyekiti kila siku kwa heshima ileile.

Miaka ikapita, na magari ya nyuma yakawa yanakufa moja baada ya jingine kama wazee wa ukoo. Kivuli kikawa kikubwa, watu wakawa wachache, mpaka akabaki Mwenyekiti peke yake chini ya paa lile, mfalme asiye na raia. Sisi wote tulikuwa ng'ambo tunaiva. Na bado, kila asubuhi, kila mmoja wetu alipofika, ilivuka barabara ile "meee" ya mtu mmoja. Ilikuwa na upweke, lakini ilichoma vilevile.

Kisha shafti ya Mwenyekiti ikakatika.

Alikuwa na binti mmoja, fundi cherehani, mjamzito, mumewe kazi yake ni ya safari ndefu. Huyo binti ndiye aliyemhurumia baba yake. Akatafuta gari, akalipeleka nyumbani kwa wazazi wake likiwa limeoshwa na kufungwa utepe. Yaliyotokea pale mkewe Mwenyekiti alitusimulia baadaye, na yule mama hasemi uongo ila akiulizwa umri.

"Baba, fumba macho."

"Nikifumba nitalala, mwanangu."

"Haya, fumbua!"

Mzee alifumbua. Hakutazama rangi wala viti. Alipiga magoti kwenye vumbi, akalaza shavu chini, akachungulia chini ya gari.

"Baba, unatafuta nini huko?"

"Difu."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo inayozungusha tairi za nyuma."

"Hii ina tairi nne, Baba. Nimeambiwa zote zinazunguka."

Mzee akainuka, akajipangusa magoti, akamwangalia binti yake na tumbo lake kubwa na kidole chake kilichotobolewatobolewa na sindano. Akasema, "Nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki." Kisha akaingia ndani, akajilaza, akatutumia habari kwamba ana homa.

Homa ilipokwisha alikwenda kwa fundi wa kuchomea vyuma, jioni, akiwa amebeba sufuria kubwa ya mkewe, ile ya kupikia wageni. Akataka sufuria ile ichomelewe kifuniko, ifungwe katikati ya tairi za nyuma, bomba la maji liungwe kutoka hapo hadi mbele, na vyote vipakwe rangi nyeusi na grisi juu yake.

"Fundi," alimwambia, "hii ni siri."

"Mzee, siri hii hata mke wangu simwambii," fundi akajibu. Na kweli, mkewe hakumwambia. Alituambia sisi.

Tulicheka mpaka mmoja wetu akapigwa na kwikwi iliyomshika mpaka mwaka uliofuata. Tulikuwa tumeshajipanga: mwenye filimbi alete filimbi, mwenye kamba ya mbuzi alete kamba. Tai ndiye aliyetunyamazisha.

"Hakuna kucheka," alisema. "Wala hakuna kulia meee. Akija kesho mpokeeni kama bwana harusi."

"Wewe Tai, una wazimu? Mtu aliyekuburuta kwa shingo?"

"Mkimcheka leo, kesho atazoea. Mtu akizoea amepona." Akanyoosha tai yake. "Mimi sitaki apone."

Basi Mwenyekiti akaja. Aliingia taratibu, akaegesha chini ya paa la ghala, akazima injini, akabaki ndani ameushika usukani kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Tulivuka barabara wote. Tai akamfungulia mlango.

"Hongera, Mwenyekiti! Gari ya nyuma?"

"Ya nyuma," alisema Mwenyekiti. "Sasa ulifikiri ya nini?"

"Nilijua tu. Mtu kama wewe!" Tai akachuchumaa, akachungulia chini. "Loo! Jamani njooni muone difu! Difu pana namna hii inatosha ukoo mzima."

Tukapanga foleni kuitazama. Kila mmoja alichungulia, akatikisa kichwa kwa heshima, akainuka akampa mkono Mwenyekiti. Mwenye kwikwi tulimsukumia nyuma. Mwenyekiti jasho lilimtoka hata viatu vikalia chwapchwap, lakini nilimwona pumzi ikimrudi kidogokidogo. Alituamini. Kesho yake asubuhi, nilipofika, alinililia meee kama zamani. Nikamwinamia.

Sasa ngoja niwaeleze jambo la mvua, maana hapo ndipo palipo na shughuli.

Mlima wa hospitali haukuwa na lami. Ulikuwa udongo mwekundu mtupu, nasi tuliuita Sabuni. Mvua ikinyesha, mlima ule uliteleza hata sisimizi walishuka wameshikana mikono. Gari la nyuma likitaka kuupanda lazima liwekewe uzito kwenye buti, ili tairi zinazosukuma zikandamizwe zishike udongo. Kila dereva wa nyuma alikuwa na mawe yake ya mvua, wengine waliyapa mpaka majina. Lakini gari la mbele ukiliwekea uzito nyuma unaliua. Pua inanyanyuka, tairi zinazovuta zinagusa udongo kama mtu anayeonja chai ya moto. Gari la mbele, Sabuni ikiwa mbichi, hupandishwa kwa rivasi. Unaligeuza, matako yanatangulia juu, uzito wote wa injini unalalia tairi za mbele huku chini, na linapanda kama mjusi. Sote wa juani tulipanda hivyo. Mwenyekiti alikuwa ametutukana miaka mingi kwa kupanda hivyo. Mbuzi, alisema, hata akienda peponi anavutwa kinyumenyume.

Wingu la kwanza lilipokusanyika, Tai alivuka barabara akiwa amekumbatia jiwe.

"Mwenyekiti, mvua inakuja. Uzito wako huu."

Mwenyekiti alilitazama lile jiwe. Kulikataa ilikuwa ni kusema ukweli. "Weka," akajibu.

Nasi hatukuwa wachoyo. Mmoja alileta kipande cha reli. Mwingine akaleta mfuko wa saruji iliyogandia ndani. Mimi nilileta nusu ya tairi la trekta niliyoijaza kokoto. Gari lilikaa matako chini, pua juu, kama mbwa anayeomba mfupa. Halafu kila abiria wa hospitali aliyekuja siku za mvua tulimwelekeza kivulini: "Nenda kwa Mwenyekiti. Gari yake ni ya nyuma, ndiyo inayoupanda mlima." Tulisimama kwenye kibaraza cha ghala tukimtazama. Tairi za mbele zilipiga mayowe, udongo ukaruka mpaka juu ya paa la ghala, na klachi ikatoa harufu ya sketi iliyosahauliwa chini ya pasi. Siku nyingine alifika juu, siku nyingi alirudi chini ubavu ubavu na abiria akishuka anatetemeka.

"Mwenyekiti," Tai alimuuliza mara moja kwa upole, "mbona naona za mbele ndizo zinazozunguka?"

"Zinajipasha moto."

"Ahaa." Tai akatugeukia. "Mmesikia? Nyie hamuwezi kujua. Hiyo ni gari ya kisasa."

Mwenyekiti angeweza kumaliza yote kwa neno moja. Angesema "ni ya mbele", angeliliwa asubuhi moja, angekaa juani na sisi, na maisha yangeendelea. Lakini kuvuka ile barabara kulimshinda. Alikonda. Shingo fupi ikaanza kuonekana. Nyumbani mkewe alikuwa akitafuta sufuria yake, ameshagombana na majirani wawili kwa kuwashuku, naye mzee amekaa kimya anakula chakula kilichopikwa kidogokidogo kwenye visufuria.

Siku yenyewe mvua ilianza asubuhi, ile mvua isiyo na matone, inayomwagwa tu kwa ndoo. Tuliliona gari la Mwenyekiti likija mbio, taa zimewaka, pua juu. Halikusimama kivulini. Lilipita likauelekea mlima. Nyuma wamekaa mkewe na binti, na binti ameishika dari kwa mikono yote miwili.

Alipanda mpaka kwenye mfereji uliokata barabara. Pale tairi za mbele zikaanza kuimba, gari likasimama likiunguruma, kisha likarudi. Lilirudi polepole, kwa adabu, mpaka mbele ya miguu yetu. Akapanda tena. Akarudi tena. Mara ile chini ya gari kililia chuma, paaa, na kitu cheusi cha mviringo kikachomoka katikati ya tairi za nyuma, kikabingirika kwenye matope, kikazunguka kama sarafu na kulala mbele ya viatu vya Tai. Kifuniko kilikuwa kimefunguka.

Mkewe alishusha kioo. Akatazama. Katika uchungu wote ule wa mwanawe, mama wa watu akapiga kelele: "Sufuria yangu!"

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumefundishwa. Tai aliiokota ile sufuria, akaipangusa kwa mkono wa shati, akaipeleka dirishani kwa dereva kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti, umedondosha difu."

"Baba!" binti alilia. "Baba, fanya kitu!"

Mwenyekiti alishuka. Mvua ilimpiga kichwani akawa mdogo. Alikwenda nyuma, akafungua buti, akaliinua jiwe la kwanza. Tai akaweka kiganja chake juu ya jiwe, akalirudisha chini taratibu.

"Mzee wangu, unafanya nini? Ukitoa uzito, gari ya nyuma itapandaje?"

Walitazamana. Sisi tumewazunguka, mvua inatiririka kwenye pua zetu. Tuliona midomo ya Mwenyekiti ikisogea. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, nililiona kwa macho yangu, jeupe kama jino lenyewe.

"Au si ya nyuma?" Tai akauliza. "Sema tu. Ukisema, tutaitoa mizigo wenyewe, tutaigeuza, tutaipandisha kwa rivasi kama tunavyopandisha zetu. Sema, Mwenyekiti."

Ndani ya gari binti alitoa sauti ambayo sitaiandika.

"Mume wangu!" mkewe alipiga kioo. "Unasubiri nini?"

Mwenyekiti aliutazama mlima. Alilitazama paa la ghala na kivuli chake, ingawa siku ile hapakuwa na jua lolote la kukimbia. Kisha akalifunga buti.

"Ni ya nyuma," alisema.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Binti alitoka mwenyewe, miguu pekupeku kwenye matope, amejishika kiuno, mama yake anamfuata amemfunika kwa khanga iliyoloa. Hakumtazama baba yake. Alitembea mpaka kwenye gari dogo la Tai, akaingia. Tai akampa heshima zote, akamwekea mto, akaligeuza gari, akatia rivasi.

Na nyie mnaojua magari fikirini. Gari likipanda kinyumenyume, abiria anaangalia huku chini. Binti alipanda mlima wote ule macho yake yakiwa mbele, na mbele yake, akizidi kuwa mdogo, amesimama baba yake kwenye mvua na sufuria mkononi. Hakuwa na mahali pengine pa kutazama, na mzee naye hakuwa na mahali pa kujificha.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na mapafu yake yalikuwa ya babu yake. Alipolia, wauguzi walidhani gari la wagonjwa limefika. Mwenyekiti alikwenda kwa binti yake na embe tatu kwenye mfuko. Mlango haukufunguliwa. Alikwenda tena na nguo za mtoto. Mkewe, ambaye alikuwa amehamia kule kumwosha mtoto, alimtolea maneno kibarazani.

"Mwanao anasema mjukuu utamshika siku utakapowaambia wenzako gari yako ni ya aina gani."

"Nitamwambia yeye, sasa hivi."

"Yeye ameshajua, alikuwa ndani yake. Anataka uwaambie wale uliowaogopa kuliko yeye. Na si wewe utakayeleta habari. Wao ndio waje waseme: mzee amesema, tumesikia."

"Na wasipokuja?"

"Kwa nini wasije?" mkewe akasema. "Ni wenzako."

Basi ikafika siku kavu, jua limesimama kama mgambo. Mwenyekiti alikuja. Hakuegesha kivulini. Aliegesha upande wetu, juani, mwisho wa foleni, kama mgeni. Alishuka na sufuria yake, rangi nyeusi imebanduka nusu.

Tai aliinuka haraka. "Mwenyekiti, umepotea njia! Mahali pako ni kule."

"Hapana. Hii gari ni ya mbele."

Hata nzi alisimama hewani akasikiliza.

Tai alianza kutabasamu. "Mzee, acha utani asubuhi asubuhi."

"Si utani. Ni ya mbele. Tangu siku ya kwanza. Hii hapa ni sufuria ya mke wangu. Niliwadanganya."

"Mwenyekiti hadanganyi," Tai alisema, akatugeukia. "Jamani, Mwenyekiti amewahi kudanganya?"

"Kamwe," tukasema.

"Chungulieni chini basi! Hakuna difu!"

Tuliinama wote, tukachungulia pale palipokuwa patupu, hewa tu na nyasi za upande wa pili. "Difu ya nguvu," mmoja akasema. Mwingine akasema, "Na shafti imenyooka."

"Mnaniua," Mwenyekiti alisema. Sauti ile nene ilikuwa imebaki utepe. "Nawaombeni. Mmoja tu. Mmoja aende akamwambie mwanangu kwamba nimesema."

"Umesema nini, mzee wangu? Sisi hatujasikia kitu." Tai akatuashiria. Tukalizunguka lile gari, tukaweka mabega kwenye buti, tukalivusha barabara mpaka chini ya paa la ghala. "Tazama," Tai akamwambia, "inakwenda kwa kusukumwa nyuma. Gari ya nyuma hiyo."

Mwenyekiti hakulifuata. Alibaki juani, peke yake upande ule, sisi wote tukiwa tumehamia kivulini mwake.

Hapo ndipo akaja binti. Alikuwa anatoka hospitali kumpima mtoto, amemkumbatia, anashuka mlima kwa miguu akitafuta gari la kwenda nyumbani. Alimwona baba yake juani, akatuona sisi kivulini. Akasimama katikati ya barabara. Uso wake ulikuwa na tumaini, naapa. Alikuwa tayari kusamehe, alikuwa anatafuta tu mlango.

"Shikamooni," alisema. "Baba amesema?"

Tulitazamana. Mimi nilikuwa mbele kabisa, macho yake yalinigonga mimi kwanza. Nikautazama mlima.

"Bado, mwanangu," Tai akajibu kwa huzuni kubwa. "Tunambembeleza hapa. Mzee ni mgumu."

"Nimesema!" Mwenyekiti alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Mwanangu, nimesema! Waulize!"

"Nimewauliza, Baba." Lile tumaini lilizimika kama taa ya kibatari iliyopulizwa. "Hata mbele ya mtoto unaendelea?"

Tai alikuwa ameshamfungulia mlango wa gari lake. Binti akaingia na mtoto. Mzee akatazama kushoto, kulia, akatutazama sisi tuliokaa mahali pake. Akajua kwamba limebaki jambo moja tu la kuthibitisha kuwa gari lake ni la mbele. Akaweka sufuria chini. Akavuta pumzi, akanyoosha ile shingo.

"Meee," alilia.

Hakuna aliyepokea.

"Meee! Meee!"

Binti alitoa kichwa dirishani. Yeye hakujua mambo ya difu, na mambo ya mbuzi wetu hakuyajua pia. "Baba anaumwa?"

"Amepaliwa tu," alisema Tai, akatia gia, akanyoosha tai yake kwenye kioo. "Jamani, mpeni Mwenyekiti maji."

Wakaondoka. Mimi ndiye niliyempelekea kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinywa chote, maana kusema kweli jua ni kali sana upande ule.